Mbegu za Muthaiti kwenye Majivu

Ukiparua ubao wa muthaiti kwa kucha, hata ubao uliopasuliwa kabla hujazaliwa, harufu inatoka. Ni harufu ya ile dawa ya kupakwa kifuani mtoto akiwa na mafua, ila hii ina utamu kidogo kwa nyuma, kama maganda ya chungwa yaliyokauka. Ninalo sanduku la ubao huo chini ya kitanda changu hapa Chaka, na ndani yake nimeweka mablanketi mawili, vyeti vya shule na mkebe mmoja wa bati. Nondo hawalisogelei. Wageni wakiuliza ni mti gani huo unaonukia hivyo nawaambia, nao husema aa, kisha wanaendelea na chai yao, kwa maana upande huu wa Kieni ni nchi ya vumbi, upepo na mbuzi, na muthaiti haujawahi kuota hapa. Mimi ni mwuza mbegu. Duka langu linatazama barabara ya Nanyuki, na humo nauza mbegu za mahindi, kabichi na sukumawiki, dawa za kuogeshea ng'ombe, chumvi ya mifugo na mabomba ya kunyunyizia. Kila siku narudia neno moja kwa wateja mpaka mdomo umelizoea: weka mbegu pakavu. Ni ushauri mzuri na sijawahi kulaumiwa kwa kuutoa, lakini kila ninapousema kuna mahali unanichoma, na nitaeleza kwa nini, ingawa habari yenyewe hainipi sifa yoyote.

Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa amepata kazi ya kushona sare za shule mjini Nyeri, na kwa kuwa chumba chake kilikuwa kimoja, aliamua mwaka ule nikae kwa wazazi wake juu ya Kianyaga, mahali ambapo mashamba ya majani chai yanaishia na msitu unaanza. Kwetu babu ni guka na bibi ni cucu, na ndivyo nitakavyowaita. Asubuhi za huko zilikuwa na ukungu mzito. Ungemsikia ng'ombe akikohoa na usimwone. Boma lilikuwa na nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, jiko la nje lililokuwa jeusi kwa moshi, zizi la ng'ombe wawili na, nyuma ya zizi, muthaiti. Watu wazima wanne wakishikana mikono wasingeuzunguka. Majani yake yalikuwa ya kijani kizito upande wa juu na meupemeupe upande wa chini, hivyo upepo ulipopita mti wote ulibadilika rangi ghafla, na cucu akiona hivyo alikimbia kuanua nguo. Baba yake guka ndiye aliyefyeka mteremko ule, akauacha huo mmoja ili apate mahali pa kutundika koti wakati wa kulima. Msumari alioupigilia ulikuwa umemezwa na gome, ikabaki nukta ya kutu tu, na guka alipenda kunishika kidole na kukiweka pale. Aliniambia kwamba zamani msitu wa nyuma yetu ulijaa miti hiyo, halafu watu wakaingia na misumeno, wakatoka na mbao za milango na masanduku, hadi ukifika wakati ule wa utoto wangu ungeweza kutembea msituni tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuunusa. Sanduku langu ni moja kati ya masanduku hayo, kwa hiyo sijitoi.

Cucu naye alikuwa mtu wa mbegu. Mteremko mzima ulijua. Mwanamke aliyepika maharagwe yake yote wakati wa njaa, au ambaye mahindi yake yalitobolewa na wadudu, alikuja kwa cucu na bakuli, akaondoka na mbegu, na msimu uliofuata alirudisha bakuli likiwa limejaa. Utaratibu wake ulikuwa mmoja na hakukubali ubishi. Mbegu zilichaguliwa moja moja, zikaanikwa juani siku tatu kwenye gunia, zikigeuzwa asubuhi na mchana. Kisha alichekecha majivu ya jikoni mpaka yakawa laini kabisa, akazichanganya nayo, akazitia kwenye mikebe ya bati na kuipandisha itarani, yaani kwenye uchaga wa fito uliokuwa juu ya mafiga, ambapo moshi uliwafukuza wadudu mwaka mzima. Tena hakupanda mbegu zote msimu mmoja. Nusu ilibaki juu, kwa sababu mvua za mlimani hudanganya, na aliyemaliza mbegu zake hana la kufanya ila kuomba. Cucu hakuwa mwenye majivuno, alivaa viatu vya plastiki hata kanisani, lakini kuhusu mbegu alijisifu waziwazi na hakuna aliyemwona vibaya, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi alinitania kila siku kwamba jina langu, Nyawira, maana yake ni mwenye bidii ya kazi, na kwamba walionipa jina hilo waliharakisha mno, wangesubiri kidogo waone.

Kabla sijafika huko, upepo wa Agosti ulikuwa umevunja tawi la muthaiti likaangukia paa la zizi, na guka akamwita fundi wa msumeno kutoka Mukurweini aje aangalie. Fundi huyo alikuwa Mkikuyu kama sisi, lakini alipenda kuongea Kiswahili hata na wazee, ati ndiyo lugha ya kazi. Aliuzunguka mti, akaugonga kwa kisogo cha shoka huku na huku, na kila alipogonga sauti ilirudi tupu, kama ya pipa lisilo na maji. Akasema, "Mzee, hii mti iko na shimo ndani, imeoza kutoka zamani. Siku itaangukia nyumba, sitaki kusikia ati sikuwaambia." Guka alienda akakaa nyuma ya zizi na hakurudi mpaka chai ikapoa, na aliporudi alikubali mti ukatwe, ila baada ya Krismasi na kabla ya masika, kwa kuwa udongo ukilowa mti ungeweza kuanguka wenyewe upande unaoutaka.

Halafu, Januari hiyo nilipofika na sanduku langu la shule, mti ukawa umezaa. Guka alikuwa na miaka sabini na kitu na alikuwa ameuona ukizaa mara moja tu, akiwa kijana, na mara hiyo mbega na ndege walimaliza kila kitu kabla mtu hajafikiria. Maua ulikuwa unatoa miaka mingine, lakini matunda yalikuwa yakinyauka au kujaa funza. Sasa matawi yalikuwa yamejaa matunda madogo ya kijani, kila moja limekaa kwenye kikombe chake, na ndege wale wenye mabawa mekundu walipiga kelele tangu alfajiri. Guka alivua kofia akasimama chini ya mti, akamwita mkewe. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kikuyu, lakini nayakumbuka vizuri na nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Mama Njeri," alisema, akimwita kwa jina la mama yangu, "mti huu ukienda hivi hivi, nitakuwa nimeiharibu kazi ya baba yangu. Nitunzie mbegu hizi mpaka mvua inyeshe. Nataka kumwona mtoto wake amesimama kabla sijalala."

Cucu alicheka akajifunga leso upya. "Wewe, ni mbegu yako gani nimewahi kupoteza?"

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kwa wiki mbili, kila nikitoka shuleni nilikuta cucu amekwisha kutandika magunia chini ya mti, nami nilipiga magoti nikaokota. Nilijifunza haraka kwamba mengi hayafai. Tunda lenye tundu dogo lilikuwa na funza ndani, tunda jepesi lilikuwa kapi, na kati ya kumi labda ulipata mawili mazima. Guka alipanda ngazi ya kuchumia parachichi na kugonga matawi ya chini kwa fimbo, mzee wa umri ule, huku cucu akimgombeza kwamba atavunjika kiuno na nani atambeba. Lakini nilimwona anafurahi. Jioni aliketi jikoni akitaja mahali atakapopanda: mitatu kule mtoni, mmoja langoni, mingine angeipeleka shuleni kwetu, na ule ulio bora angeupanda palepale nyuma ya zizi mahali pa mti mama. Alitaja kama mtu anayegawa urithi. Mimi nilikula ugali wangu nikiwaza tu kwamba kesho pia nitaokota.

Nyama ya tunda ilitakiwa kuoshwa mbegu ibaki safi, na kazi hiyo nilipewa mimi. Niliteremka nayo mtoni kwenye ndoo. Maji ya mlimani yalikuwa baridi ya kuumiza mifupa ya vidole, nayo nyama yenyewe ilikuwa nzito na ya kunata, haiachii mbegu mpaka uisugue kwa mchanga, moja baada ya nyingine, na mikono ilinuka muthaiti hata baada ya sabuni. Siku ya mwisho nilikuwa nimebakiza bakuli moja. Jua lilikuwa linazama, rafiki zangu walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, barabarani na niliwasikia, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Kando ya mto cucu alikuwa amepanda nduma, hayo ambayo watu wa pwani huyaita magimbi, majani mapana yaliyofunika matope kabisa. Nilitazama juu, nikatazama chini, nikamwaga bakuli lote la matunda kule ndani, chini ya majani, nikayakanyagia matope ili yasionekane. Halafu nikapanda mlima na ndoo yangu ya mbegu safi, nikasifiwa.

Cucu alizifanyia mbegu zile heshima yote anayoijua. Alizianika siku tatu na siku ya nne ya ziada, kwa kuwa zilikuwa nene. Alichekecha majivu mara mbili. Akazitia kwenye mikebe miwili, akapanda juu ya kigoda, akaiweka katikati ya itara, mahali ambapo moshi unapita vizuri zaidi na ambapo aliweka tu mbegu ya maharagwe yake mekundu. Zikakaa huko Februari nzima na sehemu kubwa ya Machi.

Mti ulikatwa wiki moja kabla ya mvua. Fundi alikuja na vijana wawili na kamba, na msumeno wa injini uliponguruma mbuzi wote wa jirani walikimbia. Ulipoanguka ardhi ilitetemeka chini ya miguu yangu, na kisha harufu ikapanda, nzito kiasi kwamba macho yalitoa machozi, ikajaa boma lote, ikaingia kwenye maziwa. Watu waliacha kuchuma majani chai wakaja kutazama. Ndani kweli ulikuwa umeoza. Mtu angeweza kuingia akajikunja pale shinani. Mbao za maana hazikupatikana. Kisiki kilichimbuliwa mpaka mizizi, mizizi ikachomwa mkaa, kwa sababu mjomba wangu, kaka yake mama, alitaka nafasi ile ya majani chai na hakukuwa na sababu ya kumnyima. Guka alitafuta kile kipande chenye msumari kwa siku mbili kwenye rundo la kuni, na hakukipata. Hakununa sana. Alisema mbegu zipo.

Mvua ikaja. Guka alitengeneza kitalu karibu na jiko, akakiwekea kivuli cha matawi, na cucu akateremsha mkebe mmoja, akapuliza majivu na kuzipanda mbegu kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilipewa kopo la kumwagilia siku ambazo mvua haikunyesha. Aprili ikapita. Guka aliamka kila asubuhi akaenda kuinama pale hata kabla ya kunawa uso, na mgongo wake ulikuwa tayari unamsumbua. Mei ikapita. Mwishowe cucu alifukua mbegu moja, akaipasua kwa kisu cha kumenyea viazi kwenye kiganja chake, na ndani mlikuwa na unga mweusi. Akafukua nyingine, na nyingine. Alifukua mstari mzima huku sisi tukitazama, akifuta kisu kwenye leso baada ya kila mbegu. Guka alimwambia aache, mti ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa huzaa mapooza. Cucu alisema labda. Lakini aliitazama mikono yake.

Juni hiyo, Jumamosi moja, alinituma nikapalilie nduma. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nyingine, ya kitoto, hata siikumbuki, na nilipalilia kwa hasira: nilishika kila kitu kisicho nduma nikang'oa, nikatupa nyuma yangu bila kuangalia. Nilimaliza upesi kuliko siku zote. Nikasimama, nikapitisha mkono puani kufuta kamasi, na mkono ulinuka muthaiti.

Kisha nikageuka nikaanza kupekua rundo la magugu. Nilikuta kumi na tisa. Vilikuwa vijiti vyekundu vyembamba, virefu kama kidole, kila kimoja na majani mawili au matatu yanayong'aa, na chini kabisa mbegu ilikuwa bado imeshikilia, imepasuka kati, hai. Vingi vilikuwa vimekatikia shingoni. Vile vyenye mizizi nilivirudisha matopeni, nikavishindilia kwa vidole, nikavimwagia maji ambayo hayakuhitajika, mahali palepale palipokuwa pamelowa. Nilitambaa kwa magoti katikati ya nduma zote nikitafuta hata kimoja nilichokiruka, nikiinua kila jani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimefanya kazi kikamilifu. Hakikubaki hata kimoja. Jumapili baada ya kanisa vilikuwa vimelala. Jumatatu vilikuwa vyeusi.

Sikumwambia mtu. Kwanza niliogopa fimbo, nisijisingizie jambo kubwa zaidi ya hilo. Ningeulizwa mbegu zilifikaje kule, na ningelazimika kusimulia bakuli, na mchezo wa kati, na matope. Niliwaza nitasema kesho. Guka alizidi kuumwa mgongo, Agosti akapelekwa hospitali, akarudi akiwa mwembamba, na kabla ya Krismasi tulimzika pale upande wa juu wa shamba. Siku ya kumzika mtu mmoja alisema mzee amekwenda bila deni, ameacha watoto na majani chai. Nilitazama chini. Ni mimi tu katika umati ule niliyejua kwamba mti wake ulikuwa umepata watoto kumi na tisa, walioishi siku sijui ngapi, na niliyejua nani aliwaua.

Ninalotaka lieleweke ni cucu. Yule mwanamke alibaki na mkebe wa pili, nusu ile isiyopandwa, na kila masika aliuteremsha, akatoa mbegu tano au sita, akazipanda pale pale kwenye kitalu cha guka. Mimi nilikuwa nimerudi Nyeri kwa mama, lakini likizo ya Aprili nilikuja kila mwaka, na kila mwaka nilipewa kopo lile lile la kumwagilia. Asubuhi aliniuliza akiwa jikoni, "Umeona kitu?" nami nilijibu, "Bado, cucu." Nilijibu hivyo nikiwa darasa la sita, nikiwa la nane, nikiwa sekondari na sauti ya kike ya kujiona. Kitu kingine kilitokea taratibu hata sikukiona mwanzoni. Wanawake waliacha kuja na mabakuli, na siyo kwamba walimkimbia; yeye ndiye aliyewakataza. Mkono wake umeharibika, aliwaambia, waende kwa mwingine asije akawapotezea msimu. Maharagwe yake mwenyewe yalikuwa yakiota kama kawaida, mtu yeyote angeyaona, lakini alikuwa amejihukumu kwa ile mbegu moja aliyoaminiwa na mumewe, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Alianza kununua mbegu dukani, za pakiti. Nilipomwona mara ya kwanza akifungua pakiti kwa meno, nilitoka nje.

Miaka baadaye, nikiwa nimekwisha kufungua duka hapa Chaka, aliingia bwana mmoja mstaafu wa kazi za misitu, akitafuta karatasi za plastiki za kuotesha miche. Tulizungumza miti ya kienyeji, nikamwuliza kana kwamba ni jambo la kupita tu: mbegu za muthaiti mtu huzihifadhi vipi? Akacheka. "Hiyo haiwekwi, mama. Ukiikausha umeiua. Inapandwa na maji yake, siku hiyo hiyo ikiwezekana, mahali pa giza na matope." Aliendelea kunieleza kwamba hata mti ukikatwa, mizizi ikiachwa ardhini huchipua yenyewe, ndiyo njia yake kubwa ya kuzaa, hayo matunda ni bahati. Mimi nilimhesabia karatasi zake nikamrudishia chenji. Kisha nilifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo majirani walinisaili kwa wiki nzima. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Bidii ya cucu ndiyo iliyoua mbegu, zile siku tatu za jua na ile ya ziada, majivu yaliyochekechwa mara mbili, mahali bora pa itara. Uvivu wangu ndio uliozipanda vizuri. Na siku niliyopata bidii, niling'oa zote.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yamefunikwa na utando, anachagua maharagwe kwa vidole tu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumweleza. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa uji, na kabla sijafungua mdomo aliniuliza mwenyewe, bila kuinua kichwa.

"Wewe sasa ndiye mtu wa mbegu. Niambie. Zile za guka wako, mkono wangu ulikosea wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba ziliota? Angefurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha angeuliza mbona zake hazikuota, na ningemjibu kwamba ni kwa sababu alizitunza. Wengine watasema ukweli ni ukweli. Hawakuwa wamekaa kwenye kigoda kile.

"Hukukosea, cucu," nikasema. "Mti ulikuwa mgonjwa."

Aliendelea kuchagua. "Guka wako pia alisema hivyo," alisema. "Mlikuwa mnanihurumia." Halafu akanielekeza mahali mkebe ulipo, akaniambia niuchukue, kwa sababu yeye hangeweza tena kuinama kwenye kitalu, na nisizipande zote mara moja. Mwaka uliofuata hakuwapo. Sikuwahi kujua kama alitaka nimkatalie, au nimwambie, au ninyamaze vile vile.

Sasa kule juu ya Kianyaga mahali pa mti ni majani chai, mistari iliyonyooka, na huwezi kujua mstari upi. Jiko limebomolewa, mjomba anapikia gesi, na itara watoto wake hawajui ni nini. Nduma bado ziko mtoni. Nilipokwenda mara ya mwisho nilishuka nikaangalia chini ya majani, tabia ambayo sijaiacha, na hapakuwa na kitu ila matope. Msituni kuna uzio, na kijana aliyekuwa langoni aliniambia muthaiti ameusikia lakini hajauona. Alinishauri nitafute picha kwenye simu. Na hapa dukani vijana huja wakisema, "Mama, niko na kashamba kadogo huko juu, nataka miti ya kienyeji, si uko na mbegu?" Nawauzia nilizo nazo. Ya muthaiti nawaambia haipo, na kwamba hata ingekuwapo nisingeweza kuiuza, kwa sababu mbegu hiyo haikai rafuni. Wanaitikia kwa kichwa huku wanatazama bei ya bomba.

Mwaka huu, masika yalipofika na hata huku Chaka tukapata matope ya siku chache, nilitoa mkebe sandukuni. Zilikuwa zimebaki saba. Nilikuwa nimebeba udongo kidogo wa Kianyaga kwenye mfuko, nikaujaza kwenye karai kuukuu nyuma ya duka, mahali pa kivuli, nikazipuliza majivu na kuzipanda zote, kinyume cha agizo. Ninajua kazi yangu, sikutarajia lolote. Lakini nilimwagilia asubuhi na jioni, Aprili yote na Mei yote na sehemu ya Juni, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka niliinama pale, na mgongo wangu mimi pia umeanza. Juzi nilifukua moja, nikaipasua kwa kisu. Unga mweusi. Nikafukua na zile sita, nikazipasua, nikafuta kisu kwenye leso. Kisha nilinusa mikono yangu, yote miwili, kwa muda mrefu. Ilinuka udongo tu.